Krismasi peke yangu jangwani: siku nne Cottonwood na gari-nyumba la kukodi

Usiku wa kuamkia Krismasi, saa tisa, niliamshwa na mlio. Ti. Kimya kidogo. Ti tena. Nikapapasa simu, halafu nikakumbuka simu haikuwa na mtandao tangu jana yake. Kilicholia ni kile kidude cha kunusa gesi, chini karibu na mlango, ambacho hulalamika pia umeme ukipungua. Kipimo cha ukutani kilisoma volti 11.6. Hita ilikuwa imezima, na nikiwasha tochi naiona pumzi yangu.

Kosa lilikuwa nusu langu, nusu la walionikodisha. Hita ya gari-nyumba huunguza gesi ya mtungi, basi nikajiaminisha kwamba haina haja ya umeme. Kumbe hewa ya moto inasukumwa na feni, na feni inakula betri usiku kucha. Aliyenieleza ni mzee mmoja wa kiwanja cha jirani, asubuhi yake. Alicheka kwanza, akafungua kisanduku cha betri, akapima. "Hii imechoka siku nyingi," akasema. Betri za asidi zikijaa husoma volti 12.6 au 12.7, na hazipendi kushushwa chini ya nusu, yaani kama 12.1 hivi. Yangu ilikuwa imejaa kwa macho tu. Siku ya kulichukua gari nilioneshwa mpaka namna ya kukunjua meza iwe kitanda. Betri hakuna aliyeitaja.

Sasa mahali penyewe. Kambi ya Cottonwood iko kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, California, maili chache kutoka barabara kuu namba 10. Ina viwanja 62, kila kimoja na meza na mahali pa kuwashia moto. Vyoo ni vya kuvuta maji, bomba la maji ya kunywa lipo, bafu hakuna. Umeme wa kuchomeka usiuulize, hakuna kambi yenye huo hifadhini kote. Kwa gari-nyumba mimi ningechagua hapa au Black Rock, kwa kuwa ndizo kambi mbili zenye maji na shimo la kumwagia maji machafu. Kuni nunua kabla ya kuingia, kuokota ni marufuku.

Na kama unakwenda kwa ajili ya mijoshua yenyewe, ile miti iliyoipa hifadhi jina, hapa hutaiona. Inaota upande wa juu wa hifadhi. Cottonwood ni okotiyo, zile fimbo ndefu za miiba zinazosimama kama zimechomekwa ardhini, na chemchemi ndogo yenye miti ya jamii ya mnazi, ambayo unaifikia kwa miguu. Sikuona hasara.

Kufika peke yako kuna adha ambayo hawaisemi: hakuna wa kukusimamia nyuma akakuambia "njoo, njoo, basi!" Nilishuka mara nne kuangalia nyuma, kisha nikaanza kusawazisha gari kwa vibao vya plastiki chini ya magurudumu. Lazima likae sawa, la sivyo friji ya gesi haipoozi vizuri na wewe unalala kichwa chini. Saa nzima iliishia hapo. Siku nyingine zote sikulisogeza.

Jenereta inaruhusiwa saa moja hadi saa tatu asubuhi, saa sita hadi nane mchana, na saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Sheria nzuri, nasema hivyo hata baada ya kuganda. Kelele ya jirani unaivumilia ukijua itakoma. Ila betri ikikufia saa tisa usiku, unangoja. Nikavaa jaketi juu ya jaketi, nikajifunga blanketi, nikaona heri nikae nje kuliko ndani ya lile jokofu. Hifadhi hii ilitambuliwa kimataifa mwaka 2017 kwa giza la anga lake, na usiku ule nilielewa kwa nini. Kilimia kilikuwa kimeinama magharibi, na niliweza kuzitenga nyota zake moja moja. Mbali, koyoti wawili watatu, mbwa-mwitu wadogo wa huko, wakapokezana sauti, wakanyamaza. Nilikaa mpaka miguu ikakosa hisia.

Kigumu zaidi ni jioni. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja, na chakula changu, wali na maharage ya kopo, kimeshaisha saa kumi na mbili. Kuanzia hapo ni wewe na pampu ya maji inayokoroma kila ukifungua bomba. Nilisoma, nikazungumza peke yangu, nikaosha sahani moja kwa uangalifu wa ajabu ili tangi la maji machafu lisijae. Mama alikuwa ameshaniuliza nimegombana na nani hata nisherehekee jangwani. Siku ya pili ningempa jibu lisiloeleweka. Ya nne nilikuwa natamani ya tano.

Kambi naipa nyota tano, gari mbili. Nilipolirudisha niliomba betri ipimwe mbele yangu, nikaambiwa "tutaangalia". Nikipata nafasi Februari narudi kiwanja kile kile, na gari la watu wengine, kipima volti changu mwenyewe mfukoni.