Organic Maps: ramani bila bando, ila mapengo tuzibe wenyewe

Naona watu wanaipa hii apu nyota moja ati duka lao halimo, ati njia ya kwao haionekani, sasa bwana nani aiweke kama si wewe unayekaa hapo? Organic Maps inachota ramani yake kwa OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza 2004, na wanaoijaza ni watu tu kama mimi na wewe. Hakuna gari la kampuni linalokuja kupita kichochoro chenu.

Utamu wake ni huu: bure, haina matangazo, haikufuatilii unakoenda. Unadaunlodi ramani ya Uganda ukiwa na waifai, halafu unazima data na bado inakuonyesha njia, na vile tangu 2021 data yetu inakatwa ushuru wa asilimia 12, mtu wa delivari anayezunguka Kampala kutwa nzima anajua naongelea nini. Ubaya, haikuambii kitu kuhusu jam, kwa hiyo saa kumi na moja jioni Jinja Road ujijue mwenyewe. Na inaweza kukupitisha kwenye matope kisa hakuna aliyejaza kwamba hapo si lami.

Hapo sasa ndo tunapoingia sisi. Ndani ya apu kuna pa kuongeza mahali ama kurekebisha, duka, kliniki, bomba la maji, saa za kufungua, unatengeneza akaunti ya OpenStreetMap unatuma. Kama hujui uanzie wapi weka StreetComplete kwenye Android, apu nyingine ya kujaza OpenStreetMap, hiyo wala haitaki ujue kuchora: uko stegini unasubiri abiria, alama inatokea kwa ramani, unaigusa, inauliza barabara hii ikoje, inakuletea picha za lami, changarawe, udongo, unachagua moja, basi, imeisha hiyo.

Wengi wanadhani opensosi, yaani kazi ya wazi ambayo yeyote anaweza kuchangia, ni ya wanaojua kuandika programu. Wapi! Huyo fundi wa kompyuta aliye Ulaya atajuaje kliniki ya kwenu ilishahama? Mama chapati wa pale kona anajua.

Ila msinakili kutoka Google Maps, hairuhusiwi, jaza ulichokiona kwa macho yako. Na usitegemee kukiona Organic Maps siku hiyo hiyo, subiri ramani mpya itoke udaunlodi tena.

Mi naipa nyota 4. Hiyo 1 nimeikata ya jam.