Tahadhari: fundi wa Luthuli anayewauzia watu bodi ya hewa

TAHADHARI wanachama na majirani! Kompyuta ya chama, ile OptiPlex, imetula shilingi 6,500 bure, na aibu kubwa ni kwamba tuliibiwa tukiwa tumesimama pale pale kaunta tukitazama.

Shida yake mnaijua: ikiwashwa asubuhi tarehe inarudi Januari 1, 2009, inadai ubonyeze F1, na iTax, tovuti ya kodi ya KRA, haifunguki, kwa sababu brauza ikiwa na tarehe ya 2009 inaona cheti cha usalama cha tovuti bado hakijaanza kutumika. Fundi alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa: bodi kuu ya ndani imeoza, lakini anayo nyingine safi kutoka Uingereza. Baada ya saa moja akaileta. Tarehe sawa. Akaizima mbele yetu, akaiwasha, bado sawa. Akarudia bila kuombwa! Nani asingeamini?

Sasa sikieni ujanja wake. Waya wa umeme haukutoka ukutani hata mara moja. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa, hata ikizimwa, pawasaplai inaendelea kulisha bodi volti 5, na saa inakula hapo hapo. Betri ya bodi inahitajika umeme ukikatika kabisa. Yeye alirekebisha saa kwa mkono, basi. Usiku swichi ya ukutani ikazimwa, kulipokucha 2009 hiyo. Na bodi ni ile ile yetu: ukibonyeza F2 inapowaka, unaingia kwenye mipangilio, na namba ya huduma (Service Tag) inalingana na stika ya nje.

Kilichokufa ni CR2032, betri bapa kama sarafu, volti 3, upana milimita 20, haifiki shilingi 300. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 umeme uliobaki uishe, sukuma kibanio, betri itainuka yenyewe. Weka mpya, upande wa + juu, kisha panga tarehe kwenye F2. Mita ikisoma chini ya volti 2.8, hiyo ni ya kutupa. Kama betri ya zamani bado ina pumzi, kabla ya kuitoa piga picha mpangilio wa diski kwenye F2, RAID au AHCI (namna kompyuta inavyoongea na diski), maana kutoa betri kunaweza kuubadilisha. Ukibadilika Windows inatoa skrini ya buluu, na huyu mtu atakuuzia diski pia. Saa ikikosea kwa saa 3 kamili, usiguse betri: hapo angalia ukanda wa saa, Nairobi ni UTC+3.

Dalili zilikuwepo. Hakutoa risiti, alitaka M-Pesa kwa simu yake, bodi aliyosema ameitoa hatukuiona.

Huyu afungiwe duka! Arudishe kila shilingi, kisha apelekwe Central akaeleze mbele ya polisi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 haikuandikwa ili mijizi kama hii ikae kaunta ikitabasamu. Jumamosi saa nne asubuhi tunapanda kwake. Aliyewahi kumlipa aje na ujumbe wa M-Pesa.