Nilivyokodi kilti kumsindikiza mpwa wangu: uzoefu wangu hapa Uskoti

Mpwa wangu ameolewa mwaka huu na kijana wa Perth. Baba yake mzazi alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi mjomba ndiye niliyetakiwa kumshika mkono na kumkabidhi kwa mumewe. Miezi mitatu kabla, baba wa kijana alinipigia simu na kuniuliza kama nitavaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, pamoja nao. Nimeishi Glasgow miaka kumi na moja na kilti naziona kila msimu wa harusi, lakini sikuwahi kuivaa. Nilimwomba anipe siku mbili. Niliona haya kujitia katika vazi la koo za watu. Mimi mtu wa Tanga, ukoo wangu uko wapi kwenye milima ile?

Nilikwenda kwenye duka moja linalokodisha mavazi haya. Jina nitalihifadhi, mkisoma mbele mtaelewa. Aliyenipokea alikuwa fundi mzee, futi limening'inia shingoni. Nilimweleza wasiwasi wangu wazi. Hakunicheka. Alinivutia kiti, akanieleza kwamba baada ya Waskoti wa milimani kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, serikali ya London iliwapiga marufuku kuvaa mavazi yao, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1782. Walioruhusiwa ni askari. Ndiyo maana tartani (kitambaa cha mistari na miraba) ya kikosi cha Black Watch, ile ya kijani na buluu iliyokoza, haidaiwi na ukoo mmoja, na mgeni yeyote anaweza kuivaa bila kumkosea mtu. Hata ule utaratibu wa kila ukoo na mistari yake, akasema, ulishika kasi baada ya Mfalme George IV kutembelea Edinburgh mwaka 1822, katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott. Siku hizi kuna daftari rasmi la tartani, lilifunguliwa 2009, na hata wewe na familia yako mnaweza kubuni yenu mkaiandikisha. Niliingia dukani na hofu, nikatoka nimechagua Black Watch. Kwa huduma ile peke yake nawapa nyota zote tano.

Kuhusu koti, hapa ndipo mambo yamebadilika sana, na mwenye harusi karibuni huku ayajue. Kwa desturi, lile koti jeusi fupi liitwalo Prince Charlie, na kizibao chake na tai ya kipepeo, lilikuwa vazi la jioni. Mchana mtu alivaa koti la Argyll na tai ndefu. Biashara ya kukodisha ikalisambaza Prince Charlie hadi kwenye harusi za saa saba mchana, na soksi nyeupe zikawa kama sare. Sasa vijana wamehamia kwenye twidi, kitambaa kizito cha sufu: koti la kijivu, kahawia au buluu, kizibao cha kitambaa hichohicho, soksi za rangi iliyotulia. Wengine huacha viatu vya asili na kuvaa buti. Bwana harusi wetu alivaa twidi ya kijivu. Baba yake, mzee wa miaka sabini, alikuja na Prince Charlie lake mwenyewe, na hakuna aliyemwona amekosea. Mimi nilichukua twidi ya buluu, na bado naamini ndiyo inayofaa mchana. Lile jeusi ni zuri mno taa zikishawashwa.

Seti nzima ilinigharimu pauni 95 kwa siku nne: kilti, koti, kizibao, shati, tai, mkanda, mfuko wa ngozi unaoning'inia mbele wanaouita sporani, soksi na viatu. Kuna pia sgian dubh, kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi ya kulia. Cha kukodi hakina makali, ni mpini tu. Nilipokichomeka niliwakumbuka mabwana harusi wa pwani yetu, kanzu, joho na jambia kiunoni. Jamii mbili zilizo mbali hivi, na zote zinaona mwanaume hajakamilika siku ya harusi bila kisu. Wanaume wenzangu watauliza kuhusu nguo ya ndani: ndiyo, nilivaa, na duka huomba uvae, kwa sababu wiki ijayo kilti hiyohiyo iko kwa mwingine.

Sasa kasoro. Vipimo nilichukuliwa na kijana msaidizi, kwa haraka, siku ambayo fundi mzee hakuwepo. Alinipima kiuno pale ninapofungia suruali. Kilti haikai pale. Inakaa juu, usawa wa kitovu, na chini inaishia katikati ya goti. Alhamisi nilipokwenda kuchukua mzigo, nikavaa, nikaona upindo umefika chini ya goti kabisa. Kijana akaniambia wengi huvaa hivyo. Nilipiga magoti pale pale kwenye zulia la chumba cha kujaribia, kama mzee alivyonifundisha: upindo uguse sakafu kidogo tu. Wangu ulilala sakafuni kama pazia refu. Nilikasirika kweli. Jumamosi nasimama mbele ya ukoo wa watu, dada yangu amesafiri kutoka Tanga, halafu nivae vazi lao kama gunia? Nilikataa kuondoka nalo. Ijumaa saa tisa alasiri waliniletea nyingine, na bahati yangu ni kwamba Black Watch huwa wanazo nyingi. Anayetaka tartani ya nadra asingeokoka. Nyota moja naikata hapo, na hakuna aliyeniomba radhi isipokuwa yule mzee.

Kuivaa ni kazi ya dakika ishirini. Marinda yanakaa nyuma, mbele ni bapa, na bizimu mbili zinafungwa upande wa kulia. Pini inachomwa kwenye kitambaa cha juu peke yake. Ukichoma vyote viwili utaichana. Kamba za viatu ni ndefu, unazizungusha kifundoni kisha unafunga kwa mbele. Kilti nzuri ya sufu huchukua karibu mita saba za kitambaa, na uzito wake unaujua ukigeuka, marinda yanafuata nyuma kwa kuchelewa kidogo. Ukikaa, pitisha mkono nyuma uyalaze. Mtu aliyekulia kwenye kikoi hilo halimsumbui.

Dada yangu aliponiona mlangoni hakusema kitu. Alinizunguka mara moja, akainama, akayanyoosha marinda kwa kiganja kama alivyokuwa akininyooshea kanzu ya Idi nikiwa mdogo. Kisha akasema, "Haya, mpeleke mwanangu."

Usiku tulicheza Strip the Willow, ngoma ya Kiskoti ya kuzungushana, mpaka soksi zikashuka. Sporani niliisogeza ubavuni kabla ya kucheza, na nawe fanya hivyo.

Nililirudisha vazi Jumatatu na dhamana yangu wakanirudishia yote. Mwezi wa nane mfanyakazi mwenzangu anaoa, nimeshaweka nafasi duka lilelile, na nimeandika kwenye fomu kwa herufi kubwa kwamba kiuno kipimwe kitovuni, na apime mzee.