Uzoefu wangu: nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe iliyotudai cheti cha ndoa

Naandika haya hasira zikiwa bado za moto, maana zikipoa nitasema "yameisha" kama tulivyozoea, na kesho atadhalilishwa mke wa mtu mwingine.

Mimi na mume wangu tuna msimu mmoja tu wa kutembea, nao ni huu wa kaskazi, kabla ya mwezi mtukufu. Mambo yote hukutana hapo. Wazee wanataka tuonane kabla ya kufunga, kuna vunja jungu kwetu na kwao, na miaka ya karibuni Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Februari, linaangukia karibu na siku hizo hizo. Safari hii tulianzia Tanga kwa mama yangu, tukapanda boti ya Pemba hadi Wete kwa mama mkwe, tukakuta na harusi ya binamu, tukaondoka na halua kikapuni na mkondo wa Nungwi ukatutikisa mpaka tunashuka bandarini Malindi, hapo hapo Unguja. Tulikuwa tumechoka, lakini furaha ilikuwa palepale.

Nyumba yenyewe siitaji jina. Tuliichagua kwa sababu iko kichochoroni nyuma ya Ngome Kongwe, unatoka mlangoni na hatua chache umefika kwenye tamasha. Chumba tulilipia mapema kwa simu na ujumbe wa muamala ninao mpaka leo.

Pale mapokezi alikuwepo kijana. Hakuitikia salamu. Mume wangu alisema, "Samahani kaka, tuna chumba hapa." Yule kijana akafungua daftari, akaninyanyulia macho mimi, akayarudisha kwa mume wangu.

"Mna cheti?"

"Cheti cha nini?"

"Cha ndoa. Kila anayekuja hapa anasema ni mkewe."

Nilikuwa nimevaa buibui, na hina ya harusi ya Wete bado nyekundu mikononi. Nimeolewa na mwanamume huyu kwa ndoa ya msikitini, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Halafu mtoto ambaye ndevu hazijamtoka vizuri ananiuliza mbele za watu kama mimi ni mke au ni kitu kingine! Mume wangu akamwonyesha vitambulisho, akamwonyesha malipo, akasema kwa upole mno (huo ndio ulionikera zaidi) kwamba hakuna mtu aliyetuambia habari za cheti. Kijana akasema ni utaratibu wa nyumba.

Tukiwa bado tumesimama na mizigo, wakaingia wazungu wawili, kijana na msichana. Wakataja jina. Yule yule kijana wa mapokezi akasimama, meno yote nje, "Karibuni sana, karibuni," akawapa ufunguo wenye kile kibao cha mti. Cheti hawakuulizwa. Sina ugomvi nao, ni wageni wetu. Ila kama ni utaratibu, basi uwe wa wote, ubandikwe ukutani, na tuambiwe siku tunayolipa. Cheti kiko kabatini Dar es Salaam, ningekibeba.

Na wakati huo taarabu ilishaanza. Pale mapokezi niliisikia kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, inalia, fidla zinaitikia, watu wanapiga vigelegele ngomeni. Hiyo ndiyo iliyonitoa Dar. Sikujaliwa kumwona Bi Kidude akiimba pale kabla hajafariki 2013, na nilijiambia taarabu ya Busara sitaikosa tena. Tamasha hili tangu lianze 2004 limefanya juhudi za kutuingiza sisi wenyeji, hata tiketi ya Mtanzania huuzwa bei ya chini kuliko ya mgeni. Mlango wa ngome uko wazi kwetu, mlango wa kulala tunafungiwa!

Aliyetutoa pale ni mama mkwe. Mume wangu alimpigia, akaweka sauti kubwa. "Mwanangu, wewe mtoto wa nani?" akamuuliza kijana. Kimya. "Huyo ni mke wa mwanangu. Pilau ya harusi yao nimeipika mimi, mikono hii. Wape ufunguo wakapumzike." Tukapewa, bila samahani.

Tulipofika ngomeni, mpiga kanuni alikuwa anafunika chombo chake. Waliofuata walikuwa wazuri, mume wangu alicheza mpaka shati likamganda mgongoni, nami nikacheza. Lakini kila nikitulia nilikumbuka.

Sasa niseme haki. Chumba kilikuwa safi, neti haina tundu, maji yanatoka. Asubuhi alikuja bibi mwenye nyumba, akasikia habari, akanishika mikono, akasema, "Nisameheni wanangu, si mafunzo yangu hayo." Akatuletea mkate wa ufuta na chai ya tangawizi kwa mkono wake. Moyo ukalainika. Nikamwambia mume wangu nitawapa nyota tatu, pengine nne kwa ajili ya yule bibi.

Tunaondoka, tunarudisha ufunguo, yule kijana akamwambia mume wangu, bila hata kunitazama: "Siku nyingine njoo na cheti, usitusumbue."

Tuliomsumbua ni sisi!

Nyota moja, nayo ni ya bibi peke yake. Mnaokuja mwakani mke na mume, pigeni simu kabla ya kutuma hela, waulizeni wazi kuhusu cheti, na jibu walitume kwa maandishi. Sisi tutalala Bububu kwa shangazi, ambaye alitukaribisha tangu mwanzo, na daladala tutapanda. Bibi, kama haya yatakufikia: samahani yako nimeipokea. Ya kijana wako bado naisubiri, na aje aitoe mbele ya mume wangu, pale pale mapokezi, kwa sauti ile ile aliyoniulizia cheti.