Funza Wakavu Badala ya Dagaa: Uzoefu Wangu wa Miezi Saba

Nafuga kuku wa mayai 150 na nina bwawa moja la sato hapa Kibaha. Kwa muda mrefu protini yao ilitoka kwenye dagaa, ambao bei yao haitabiriki na ambao, ukiwaloweka katika beseni, huacha chini tabaka la mchanga uliokwisha kuulipia kama chakula. Ndiyo maana miezi saba iliyopita nilianza kununua funza wakavu wa nzi chuma kutoka kwa mzalishaji anayewalisha mabaki ya matunda na mboga ya soko la Mabibo, Dar es Salaam.

Majirani walihofia maradhi. Niliwaeleza kwamba huyu si nzi wa chooni: akishakomaa havamii vyakula vyetu, bali huishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea akiwa funza, hutaga, kisha hufa. Mlafi ni funza, ambaye huvunwa baada ya wiki mbili hivi, na akikaushwa takriban asilimia 40 ya uzito wake huwa protini.

Mfuko wa kwanza ulinisikitisha. Funza aliyekauka sawasawa hupasuka kwa mlio ukimbana kwa vidole, lakini wale walinatana, na siku ya tisa walikuwa wameota ukungu. Niliwazika, kwa kuwa sumukuvu si jambo la kubahatisha. Muuzaji alinipa mfuko mwingine bila ubishi, akakiri kwamba waliwaanika wakati wa mvua. Tangu hapo silipi kabla ya kufungua mfuko na kuvunja funza kadhaa.

Bwawani nimeridhika zaidi, maana funza huelea, nami huwaona sato wakila badala ya kukisia kilichozama topeni, ingawa vifaranga wa sato lazima watwangiwe. Kwa kuku nilikosea mwenyewe: niliwazidishia, wakanenepa na mayai yakapungua, kwa kuwa funza wasiokamuliwa wana mafuta mengi. Sasa naweka kilo 8 katika kila kilo 100 za mchanganyiko wa mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti, soya na chokaa, na utagaji umerudi pale ulipokuwa enzi za dagaa. Haujapanda, asikudanganye mtu.

Nafuu niliyoipata ni ya bei: shilingi 2,500 kwa kilo, wakati dagaa nilikuwa nikiwanunua kwa 4,000. Hata hivyo, masika yaliyopita mzalishaji alishindwa kukausha mzigo wa kutosha na nikakaa wiki tatu bila funza, kwa hiyo nusu gunia la dagaa bado liko stoo.