Mafaili ya ulemavu kwenye steshenari za Chake: kopi nzuri, barua ya hatari

Steshenari za mjini Chake Chake, Pemba, siku hizi haziuzi madaftari na kalamu tu. Ingia na bahasha ya khaki iliyojaa vyeti vya hospitali, sema unashughulikia pencheni ya ulemavu, na kijana wa kompyuta atakuvutia kiti: "Kaa hapo mzee, nakutengenezea faili." Faili lenyewe ni kopi za kila karatasi uliyonayo, picha za pasipoti, barua ya maombi iliyochapwa, na kava la plastiki juu. Tukiipima huduma hii kwa haki, nusu yake inastahiki pesa unayotoa. Nusu ya pili ndiyo inayowarudisha watu nyumbani mikono mitupu.

Tuanze na kinachofaa. Kopi zao ni safi, na hilo si jambo dogo, kwa sababu muhuri wa bluu uliopigwa na kidau kilichokauka hupotea kabisa kwenye mashine mbovu, na karatasi isiyoonesha muhuri ni karatasi tu. Mwambie kijana aongeze weusi kabla ya kutoa kopi ya pili. Ukitaka kutuma kwa simu, lipia skani badala ya kupiga picha mezani. Kivuli cha mkono hufunika tarehe, na tarehe ndiyo inayotazamwa mwanzo. Karatasi ya kipimo cha moyo, ile ndefu yenye mistari ya mawimbi, mara nyingi ni ya aina inayochapwa kwa joto. Hufifia yenyewe ikikaa, basi itolewe kopi mapema.

Hapo hapo ndipo wanapoharibu. Kila kitu wanataka kukilaminisha, yaani kukigandisha ndani ya plastiki kwa joto. Karatasi ya joto ikipita kwenye mashine ya kulaminisha hutoka nyeusi tii, na kipimo kimekwenda. Cheti cha daktari kilicholaminishwa nacho hakiandikiki tena: hakuna pa kugonga muhuri wa kuthibitisha wala pa daktari kuongeza mstari. Picha ya eksirei wanaikunja ili iingie kwenye kava la A4. Ikataeni yote hiyo. Kava la plastiki la kuchomeka linatosha, na eksirei ikae kwenye bahasha yake kubwa, mbali na jua.

Kosa jengine ni fomu. Kijana huingia mtandaoni, akatafuta "fomu ya fidia ya mfanyakazi", akachapa ya kwanza anayoiona, nayo ni ya mfuko wa fidia wa Tanzania Bara, ambao hauhusiki na aliyeumia akiwa kwa mwajiri wa Zanzibar. Huku fidia ya kuumia kazini ina sheria yake, na mlango wake ni mwajiri na Kamisheni ya Kazi. Pencheni ya ulemavu kwa mchangiaji iko ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Aliyefanya kazi Dar es Salaam akichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara, kisha akarudi Pemba, michango yake ya kule aiulizie kule. Fomu ichukuliwe kwenye ofisi inayohusika, si dukani.

Sasa barua. Duka linakuwa na barua moja kwenye kompyuta, jina tu ndilo linalobadilishwa: "Mimi ni mgonjwa wa muda mrefu na siwezi kufanya kazi yoyote." Barua hiyo hiyo anapewa aliyekatwa vidole kiwandani, anayetaka pencheni ya ulemavu, na anayetaka kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Watatu hawa hawaulizwi suali moja. Fidia inauliza: umeumia kazini kweli, na umepoteza kiasi gani cha uwezo wako? Pencheni ya ulemavu inauliza: kazi unaiweza tena au huiwezi, na hali hii ni ya kudumu? Usajili wa ulemavu unauliza: katika maisha ya kila siku, kitu gani kinakushinda? Mtu anayehama kutoka huduma moja kwenda nyengine akachukua karatasi zile zile anashangaa kukataliwa, na ugonjwa ni ule ule. Ugonjwa ni ule ule, lakini suali limebadilika, na karatasi ya zamani haina jibu lake. Mbaya zaidi, aliyeandika "siwezi kazi yoyote" kwenye usajili, kisha akaonekana yuko dukani kwake anauza, amesababisha mwenyewe atiliwe shaka.

Jibu linatoka kwa daktari, si kwa kijana wa kompyuta. Na daktari mwenye foleni ukumbini ataandika kwa ufupi usipomwambia karatasi inakwenda wapi. Tazameni karatasi mbili za dereva mmoja wa kubuni. Ya kwanza: "Anaumwa mgongo, hawezi kazi nzito, apumzike." Ya pili: "Mshipa wa fahamu umebanwa kiunoni, umeonekana kwenye MRI. Nguvu ya kukanyagia ya mguu wa kulia ni 2 kati ya 5. Hukaa kitini dakika 20 kisha lazima ainuke. Hutembea mita 50 kwa mkongojo. Kazi yake ni udereva. Ametibiwa kwa dawa na mazoezi, na hatutarajii nafuu ya kumrudisha kazini." Ya kwanza ni ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mtu kazi, iliyorefushwa tu. Ya pili inamwonesha msomaji mguu usioweza kukanyaga breki, na hapo hakuna haja ya kuandika "hawezi kazi yoyote".

Vipimo vina lugha yake, viombeni kwa majina. Nguvu ya msuli hupimwa 0 hadi 5. 0 hakuna hata mtikisiko, 5 ni ya kawaida, na 3 ndiyo inayoinua kiungo bila ya kushindana na mkono wa mpimaji. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali huandika haya vizuri kuliko yeyote, na karatasi yake watu huiacha nyumbani kwa kudhani si ya daktari. Macho yapimwe pamoja na miwani, jicho moja moja. Shirika la Afya Duniani huhesabu upofu pale jicho lililo bora linapokuwa chini ya 3/60, yaani mtu hasomi kwa mita 3 kile ambacho mwenye macho mazima hukisoma kwa mita 60. Masikio yaletwe na mchoro wa odiogramu, yaani kipimo cha usikivu, wenye desibeli. "Hasikii vizuri" haimfikishi mtu popote.

Kifafa na maradhi ya akili ndiyo magumu, maana siku ya miadi mgonjwa anaweza kukaa mzima mbele ya daktari. Hapo ushahidi ni mfululizo: kadi ya kliniki yenye tarehe za kurudi, dawa na kiasi anachotumia, na daftari la nyumbani linaloandika kila mshtuko ulitokea lini, ulichukua muda gani, nani aliuona. Daftari hilo apewe daktari kabla hajaandika, asipewe karani.

Jina liangaliwe kabla ya kopi ya kwanza. Kitambulisho cha Mzanzibari kinasema Khamis Juma Faki, kadi ya hospitali inasema Hamisi Juma, eksirei inasema Khamis J. Kwa karani hao ni watu watatu. Hospitali hurekebisha kwa urahisi mgonjwa akiwa bado anahudhuria. Faili likishapelekwa, marekebisho huanza upya kwa barua ya sheha na pengine kiapo.

Kwa nani basi huduma hii inafaa? Mwenye ripoti nzuri tayari, apeleke, atoe kopi tatu za kila karatasi, aandikiwe orodha ya yaliyomo ukurasa wa mbele, alipe aondoke. Barua aandike mistari minne kwa mkono wake: anaomba nini, anafanya kazi gani, hali ilianza lini, ripoti ipi inathibitisha. Asiye na ripoti, pesa ya faili aifanye nauli ya boti kwenda kwa mtaalamu hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, akiwa amepewa rufaa.

Na kuna lawama moja hatuwezi kuimeza. Wazee waliotimiza miaka 70 wanauziwa faili zima, na vipimo ndani, kwa ajili ya Pencheni Jamii, malipo ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee. Malipo hayo yalianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye yakapandishwa hadi 50,000, na hayana suali la ugonjwa hata moja. Kinachotazamwa ni umri na ukaazi. Bibi wa miaka 72 aliyelipia kopi za eksirei ya goti amelipia karatasi ambazo hakuna atakayezifungua.