Uzoefu wangu na CNC ya 3018: ikianza wazimu, usikimbilie namba

Mashine yenyewe ni hizi 3018 ndogo za kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta (CNC), za fremu ya alumini: eneo la kazi milimita 300 kwa 180, mota ya kusaga ya 775 ya volti 24, koleti ya ER11 inayoshika kisu, na bodi inayoendeshwa na programu ya GRBL 1.1. Naitumia kuchonga vibao vya mninga na MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa). Kwa kazi hiyo nampendekezea mtu bila kusita, ila ajue kwamba waya zinazokuja nayo ni dhaifu, na nusu ya matatizo yanaanzia hapo.

Kuna wazimu wa aina mbili, na dawa zake hazifanani. Wa kwanza mashine inasimama katikati ya kazi, kompyuta inapoteza mawasiliano au inatoa ALARM:1. Wa pili haisemi kitu, inaendelea kuchonga huku mchoro umehama pembeni. Ili kujua una upi, pandisha kisu juu ya ubao, endesha faili lote mota ya kusaga ikiwa imezimwa, kisha rudia ikiwa inazunguka. Ikisimama mota inapozunguka tu, una kelele za umeme, yaani umeme unaoingilia mawasiliano.

Kelele hizo zinatoka kwenye brashi za 775, zinazotoa cheche muda wote. Nilichofanya ni kulehemu kapasita tatu za seramiki za nanofaradi 100, volti 50: moja kati ya miguu miwili ya mota, na moja moja kutoka kila mguu hadi kwenye ganda. Ganda lina rangi ya kinga, kwa hiyo likwangue kwa msasa hadi chuma king'ae, la sivyo risasi ya kulehemu itakaa juu kama tone la maji na kudondoka. Usiweke kapasita kubwa zaidi ukidhani ndiyo bora. Bodi inapunguza kasi ya mota kwa kuwasha na kuzima umeme haraka haraka, na kapasita kubwa inaitesa transista. Waya wa USB uwe mfupi, wenye ferati (kidude cha kuzuia kelele za umeme), na usipite sambamba na waya wa mota. Zima pia usingizi wa milango ya USB kwenye kompyuta.

ALARM:1 maana yake bodi imeona swichi ya kikomo imeguswa. Andika alama ya ? wakati hakuna kinachogusa swichi. Jibu likiwa na Pn:X, Pn:Y au Pn:Z, basi waya wa swichi ya mhimili huo (upande wa mwendo X, Y au Z) unadanganya, au $5 (namba zenye $ ni mipangilio ya GRBL) imewekwa kinyume na aina ya swichi zako. Kelele za hapa zinatulia kwa kizuizi cha kiloomu 4.7 kwenda volti 5 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda ardhi, upande wa bodi. Kuzima $21, inayowasha swichi za kikomo, kunanyamazisha kengele, lakini siku mhimili ukigonga fremu hakuna cha kuuzuia.

Mchoro ukihama bila kengele, shika kalamu ya wino kwanza. Chora mstari mmoja unaovuka ekseli ya mota ya kusogeza (si ile ya kusaga), kapulingi inayoiunganisha na skrubu ndefu, na skrubu yenyewe, kisha chonga. Mstari ukikatika, vile vijiskrubu vya kapulingi vinateleza. Vikaze vizuri, kimoja kikikaa kwenye ubapa wa ekseli kama upo. Mstari ukibaki mzima, mota inapoteza hatua. Shusha kasi ya $110 hadi $112 na mchapuko wa $120 hadi $122 kwa robo, ujaribu tena. Ikipona, kisu kilikuwa kinalazimishwa au mkondo wa draiva (kifaa kinachoendesha mota) ni mdogo. Kwa draiva ya A4988 yenye vizuizi vya omu 0.1, volti 0.8 kwenye skrubu ya kurekebishia ni ampea 1. Ukizidisha bila feni draiva inachemka, inajizima sekunde chache, inarudi, na mchoro umeshahama. Mota inayotetemeka tu au kwenda upande wowote ina waya mmoja uliolegea. Zima umeme kabla ya kuuchomoa, kwani kuchomoa umeme ukiwepo kunaua draiva.

Wengi wanapoona kazi imepungua milimita 2 hukimbilia kubadili $100, idadi ya hatua za mota kwa milimita. Yangu ni 800, na skrubu ya chuma haibadiliki urefu kati ya asubuhi na jioni. Ukipima mara tatu ukapata majibu matatu tofauti, kitu kinateleza; namba haihusiki.

Mbili za mwisho. Weka $1 iwe 255 ili mota zishikilie mahali pake zinaposimama, hasa Z. Na ukivuta vumbi la MDF kwa bomba la plastiki, pitisha waya wa shaba usio na ganda ndani yake, uufunge kwenye ardhi ya soketi, maana vumbi kavu linajaza bomba umeme tuli na mruko mmoja unatosha kuikata USB.